Mawe ya Kitubio

Nyinyi wenye diploma za utawala bora, niliwasikia juzi. Mlinialika kwenye semina yenu hapa Butembo, mkanipa kiti cha mbele na chupa ya maji, na kwa saa tatu nikatazama mishale ukutani: mshale kutoka kwa wakurugenzi kwenda kwa meneja, kutoka kwa meneja kwenda kwa mkaguzi, kutoka kwa mkaguzi kurudi kwa wakurugenzi. Hakuna mshale hata mmoja uliokanyaga matope. Zamu yangu ilipofika mkasema muda umekwisha, chakula kinapoa. Basi nawaandikia nilichotaka kusema. Someni mkiwa mmeshiba.

Nimekuwa sekreteri wa makomite kwa zaidi ya miaka thelathini. Komite ya barabara, komite ya wanunuzi wa kahawa, komite ya kujenga shule, komite ya kuchunguza komite. Kazi yangu ilikuwa kuandika PV, yaani kumbukumbu za mkutano: nani alikuja, nani alisema nini, nini kiliamuliwa. Hakuna aliyenifundisha. Waporaji walipopita kwenye parokia yetu walichukua magodoro wakaacha vitabu, na padri akanipa kimoja cha sheria za makampuni, cha wakati wa Wabelgiji. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanwa, askari walisokotea tumbaku. Kwa hiyo nilijifunza jinsi kampuni inavyoitisha mkutano, inavyogawana faida na inavyofilisika, lakini sikusoma popote inaanzishwa kwa ajili ya nini. Tangu hapo nimekutana na wakurugenzi wengi waliokosa kurasa hizo hizo.

Nawaungamia tangu sasa kwamba nilikuwa kijana mwoga. Niliogopa kosa kuliko nilivyoogopa askari. Nilinawa mikono kabla ya kugusa mashine ya kuandikia. Herufi moja ikiteleza, nilitoa karatasi nzima nikaanza upya, wakati ambapo utepe wa mashine ulipatikana kwa kuagiza Kampala. Ndipo nilipojifunza kwamba karatasi ya kaboni iliyochoka, ukiipasha kidogo juu ya kifuniko cha sufuria, inakupa kurasa nyingine tano. Hilo halikuwemo katika mishale yenu.

Sasa Kitubio. Miaka ile ya vita serikali ilikuwa Kinshasa, na Kinshasa ilikuwa mbali kama mbingu. Kwetu kulikuwa na movement yenye silaha, ikagawanyika, tukawa na mbili, kila moja na mhuri wake. Zilijua kodi zote ambazo binadamu amewahi kuvumbua. Kazi inayotakiwa kufanywa baada ya kodi kulipwa ndiyo hazikuijua. Barabara ya magharibi, ile ya Manguredjipa, ndiyo iliyotulisha: mafuta ya mawese, mpunga, ndizi, mbao. Na kwenye barabara hiyo kulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu ambao madereva waliuita Kitubio, kwa sababu kamyo, yaani lori, ikianza kuteleza pale, hata mlevi alikumbuka dhambi zake moja moja.

Wafanyabiashara wakaunda komite ya kuutengeneza. Mwenyekiti alikuwa Papa Kasereka, muuza chumvi na vitenge, mtu wa darasa la nne aliyeweza kukuambia uzito wa gunia kwa kulitazama likishushwa. Mwanzoni kila kamyo ililipa pesa. Kila Ijumaa komanda mmoja wa movement akaja kuzichukua, akatuachia risiti. Nami, Mungu anisamehe, niliipenda ile risiti. Ilikuwa na namba.

Baada ya Ijumaa ya tatu Papa Kasereka alituita dukani kwake, akasema juu ya pesa, makuta kama tunavyoziita, maneno ambayo hakuna profesa wenu aliyeyasema: "Bakubwa, makuta iko na miguu. Jiwe haina miguu. Tuache makuta."

Ikawa hivyo. Kamyo zilikwenda magharibi nusu tupu na kurudi zimejaa. Basi kila kamyo inayokwenda ipite kwanza penye machimbo ya mawe, pale mji unapoishia, ipakie mawe, iyamwage Kitubio. Hiyo ndiyo kodi. Mawe yalivunjwa na wanawake, wengi wao wakiwa wameacha mashamba yao kwa kukimbia wenye bunduki. Malipo yao yalikuwa mawese: kamyo iliyobeba mawe ilipaswa kuwarudishia bidoni yao, yaani dumu la mafuta, ikitoka Manguredjipa.

Kule mteremkoni tukamweka Mama Katungu. Alikuwa mjane wa dereva, mfupi, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Aliamua mawe yamwagwe wapi, akawasimamia wanaume wa kijiji cha karibu wakiyapanga. Kamyo ikishamwaga, alifunga uzi wa mgomba kwenye bampa yake kwa fundo lake mwenyewe. Basi. Hakuandika kitu. Kamyo ikirudi mjini bila fundo, wapakuzi wa soko hawakuigusa. Ingekaa pale na ndizi zake mpaka ziive.

Mtauliza, je, dereva hakuweza kujifungia fundo mwenyewe? Aliweza. Lakini wapakuzi wale walikuwa waume, kaka na watoto wa wanawake wavunja mawe. Kwenye sahani ya ugali na sombe, yaani kisamvu, walikuwa wameshasikia kamyo gani ilipakia na gani ilipita ikipiga honi. Fundo lilikuwa salamu tu. Ukaguzi ulifanyika jikoni. Mimi niliishi katika mji huo, nikala sombe hiyo hiyo, na sikuliona.

Nilichoona ni uzi wa mgomba. Niliuonea haya. Nilijiambia: siku moja watakuja wakaguzi, watauliza vielelezo, nami nitawaonyesha majani makavu? Wakaguzi gani, katikati ya vita? Sikujiuliza. Na tena madaftari yangu yalinitesa. Kwetu, mnajua, jina unapewa kwa zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kati ya madereva ishirini nilikuwa na akina Kambale saba na akina Paluku watano. Mama Katungu aliwatofautisha kwa sauti ya injini. Mimi nilitaka namba.

Nikaishawishi komite inipe ruhusa ya kutengeneza bon, yaani hati ya kuthibitisha kwamba mawe yamefika. Nikapanda kamyo hadi Beni, nikashuka kwenye kila bariera, yaani kizuizi cha askari, kuonyesha barua ya utume ya komite, mpaka kwa mpiga chapa mmoja kule mtaa wa Beu. Bon yangu ilikuwa na nakala tatu: nyeupe ya dereva, ya waridi ya bariera, ya manjano ya kwangu. Mistari yake ilinyooka kama nywele za bibi harusi. Jirani ya mpiga chapa alikaa mchonga mihuri, aliyechonga kwa mpira wa sandali mihuri ya parokia, ya movement zote mbili na ya ofisi ambazo bado hazijaanzishwa. Aliniuliza kama nataka mmoja au miwili. Nikacheka, nikidhani ananitania, nikachukua mmoja.

Nilirudi Butembo nimekumbatia paketi zile kama mtoto mchanga. Wapakuzi wakaambiwa: kuanzia sasa hamtazami fundo, mnatazama bon. Mama Katungu akaambiwa asaini. Alijua kusaini, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa Papa Kasereka. Alizigeuza zile karatasi, akamwuliza dereva aliyezileta kama Sekreteri ni mzima.

Majuma matatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kivu Kaskazini. Nakala za manjano zilikuja kwa mafungu. Niliziingiza kwenye rejista kwa wino wa rangi mbili. Kila siku mawe yaliongezeka. Nilichora hata grafiki, mimi, kwa rula, mstari ukipanda kuliko kilima cha Kitubio chenyewe.

Jambo lenyewe mmeshalijua, maana nyinyi mmesoma. Askari wa bariera ya kwanza ya barabara ya magharibi walikwenda Beu kwa mchonga mihuri yule yule, wakachukua ule wa pili, na bon kwa mpiga chapa jirani yake. Wakawauzia madereva bon kwa bei ya sigara chache. Dereva gani atapakia mawe nusu siku, achoshe springi zake, wakati jiwe limekuwa karatasi? Kamyo zikaanza kupita machimbo zikipiga honi. Wanawake wakavunja mawe yakabaki yamerundikana miguuni mwao, na bidoni za mawese hazikurudi. Mama Katungu akatuma ujumbe kupitia dereva, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu: mwambieni Sekreteri mawe hayafiki, na sahihi hizo si zangu.

Nilifanya nini? Nililinganisha. Rejista ilisema mawe yamefika. Mama Katungu alisema hayakufika. Rejista haikuwa na kosa, niliipitia mara nne. Kwa hiyo mwenye kosa ni Mama Katungu. Na kwa kuwa komanda wa Ijumaa alikuwa anajenga nyumba upande wa Rughenda, mawe nilijua Mama Katungu amemwuzia nani. Nilipata jibu zima bila kuinuka kwenye kiti. Msicheke sana. Nimewasikia juzi mkisema "data zinaonyesha" mara nyingi kuliko padri anavyosema amina.

Nikaitisha mkutano mkuu. Wanakomite kumi na wawili, kwenye ukumbi wa shule, sala mwanzoni, vinywaji mwishoni. Mama Katungu aliitwa, akaja kwa miguu, akasimama karibu na mlango na kofia yake. Nilisoma ripoti yangu kwa Kifaransa, kisha nikaieleza kwa Kiswahili kwa ajili yake, kana kwamba namfanyia hisani. Niliomba aondolewe kazini kwa wizi wa mawe. Neno wizi nilikuwa nimelipigia mstari.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti: "Sekreteri, weye ulishafika kule?"

Nikamwambia niko na rapport.

"Nakuuliza mawe, hapana karatasi. Ulishafika?"

"Mama, chiffre, hesabu, ziko wazi."

"Haya. Mimi naenda. Lakini mvula itakuya kuisoma ile karatasi yako, na mvula haijue Kifaransa."

Papa Kasereka alikohoa. Wengine walitazama viatu vyao, mmoja akaniuliza mama yangu anaendeleaje na mguu wake.

Sasa sikilizeni, maana hili ni la kulipia ada. Tajiri wa Butembo akikubaliana na jambo, atabishana: atauliza bei, atataka lipunguzwe, atasimulia la baba yake. Akikataa, atatazama viatu. Hatakuaibisha mbele ya watu, atakuja kukuambia Jumapili kwenye mlango wa kanisa, na kwa mafumbo. Nilizaliwa katika watu hao. Lakini kitabu changu kilisema asiyepinga amekubali, nikaandika: imepitishwa kwa kauli moja. Wakatia sahihi, kwa sababu karatasi ilikuwa mbele yao na kalamu ilikuwa nzuri.

Jumapili Papa Kasereka alinikuta mlangoni mwa kanisa, akanisimulia habari ndefu ya mbuzi wake aliyekula hati ya shamba. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Sikuelewa mpaka baadaye, na kwa kweli ilikuwa hadithi nzuri.

Mama Katungu alirudi nyumbani kwake, jirani na machimbo. Watu walianza kumwita mwizi wa mawe. Sokoni mwuza samaki wa chumvi alikusanya bidhaa yake alipomwona anapita. Hilo nililisikia, na nikajiambia ndiyo bei ya uadilifu. Bei hiyo hakuilipa mwenye uadilifu.

Mvua za Septemba zilikuja mapema. Siku ya nne habari zikafika: kamyo kumi na moja zimekwama Kitubio, ya mbele imelala ubavu na mawese yanatiririka. Mpunga ukapanda bei kabla ya mchana. Papa Kasereka hakusimulia mbuzi safari hii. Alisimama mlangoni pa ofisi yangu na buti mbili mkononi, kila moja ya namba yake, akasema tu: "Vaa."

Tulifika jioni, sehemu ya mwisho kwa miguu. Na hapo ndipo nilipoyaona mawe yangu kwa mara ya kwanza. Yale yote ya wino wa rangi mbili. Lilikuwa rundo ambalo mbuzi wawili wangepigania nafasi juu yake. Chini yake, pale Mama Katungu alipoyapanga zamani, barabara ilikuwa imara, mita chache, safi kama kizingiti cha nyumba. Halafu ilikatika, ikaanza supu.

Madereva walikuwa wamekaa pembeni, wamejaa udongo mpaka kwenye nyusi. Mmoja, Mbusa, ambaye kamyo yake ilikuwa imezama hadi kwenye ekseli, aliponitambua alisimama, akaingia kwenye kabini, akatoka na furushi la bon, hata zile za waridi ambazo bariera haikujisumbua kuzichukua.

"Sekreteri, karibu. Donc tuko na mawe yako hapa, mingi sana. Tuambie, hii nyeupe tuweke mbele ao nyuma?"

Mwingine akadakia kwamba ile ya waridi ndiyo ngumu, iwekwe chini ya tairi la nyuma. Wakaziweka kweli. Walizitandika chini ya tairi kwa heshima zote, nyeupe na waridi, wakauliza kama ni lazima kusaini kwanza. Mbusa akawasha injini. Tairi lilizunguka, likazitafuna, likanirudishia usoni. Hapo walicheka, watu waliokuwa na siku mbili bila kula, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Sikujifuta. Kwenye shavu langu lilibaki kipande chenye nusu ya mhuri, na hata katika hali ile, nawaungamia, nilikitazama kuona kama ni mhuri wangu au ule wa pili. Ilifanana kabisa. Yule fundi alikuwa hodari.

Komite ilikaa mara tatu baada ya hapo. Mara ya kwanza ilikosa akidi. Mara ya pili ilijadili rangi mpya ya bon. Mara ya tatu ilijadili kuunda komite ndogo ya kumwendea Mama Katungu, na nani aongoze, na kama apelekewe sukari au kitenge. Mnaijua mikutano ya namna hiyo, mnaiita mchakato.

Madereva hawakungoja mchakato. Mbusa na wenzake, walipovutwa kutoka matopeni, walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mama Katungu na bidoni za mawese zilizokuwa zimedaiwa na wanawake, zote, hata za waliokwisha kukata tamaa. Sikuwepo, nimesimuliwa na jirani. Wanasema aliwaacha wamesimama muda mrefu, akaendelea kuchambua maharagwe. Kisha akawaambia mambo mawili: wanawake wapate mafuta yao kabla mwenye kamyo hajapata yake, na karatasi isipande tena kule juu. Wakaitikia kila mmoja kwa jina lake, akina Kambale wote saba. Asubuhi alikuwa mteremkoni. Mchana fundo la kwanza likaonekana sokoni, na wapakuzi, bila kumwuliza mtu, wakaacha kutazama bon.

Hapo komite ikakutana haraka, kwa akidi kamili, ikaamua kumrudisha Mama Katungu kazini.

Niliandika PV hiyo kwa mikono safi. Nikapanda mpaka Kitubio kumpelekea, maana nilitaka pia kumwomba msamaha, nao nilikuwa nimeuandika, kurasa mbili, nimeurudia mara saba. Nilimkuta akimgombeza dereva aliyemwaga mawe makubwa upande wa bonde. Nikaanza kusoma. Kwenye sentensi ya pili alinyoosha mkono.

"Inatosha. Uliniita mwizi mbele ya batu. Utasema hapana mbele ya batu, pale soko, kwa mudomo. Hii ingine ni nini?"

Ni uamuzi wa komite, nikamwambia, nikamsomea: komite imeamua kumrudisha Mama Katungu katika kazi yake.

Alinitazama kama alivyomtazama yule aliyemwaga mawe upande wa bonde.

"Hapana, mutoto wangu. Futa. Andika: Mama Katungu amekubali komite irudi."

Sokoni nilisema, kwa mdomo, siku ya soko kubwa, nimesimama mbele ya yule mwuza samaki wa chumvi, na wapakuzi walinifanya nirudie kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Kisha nikarudi ofisini, nikatoa karatasi kwenye mashine, nikaweka nyingine, nikaandika alivyosema, neno kwa neno. Nikaipeleka kwenye kikao. Wanakomite wote kumi na wawili walikuwa wanajadili vinywaji. Walitia sahihi bila kuisoma, kwa kauli moja.